Kubandika na Kubandua: Historia Fupi ya Istilahi za Kutengeneza Programu katika Seva Nyingi

Utangulizi

Tuanze na agizo moja fupi. Tuseme ofisi fulani ya juu imepeleka waraka kwa wakuu wa vitengo vya kompyuta katika halmashauri tatu za Mkoa wa Mara: Manispaa ya Musoma, Halmashauri ya Mji wa Bunda na Halmashauri ya Wilaya ya Butiama. Waraka wasema hivi: "Marekebisho ya programu yaliyofanywa Jumatatu yana kasoro. Rejesheni mfumo kama ulivyokuwa." Siku hiyo ni Alhamisi. Ofisa wa Musoma anaelewa kwamba ameambiwa ayaondoe marekebisho yenyewe. Anayaondoa, na kumbukumbu zote za malipo zinabaki salama. Ofisa wa Bunda anaelewa kwamba ameambiwa aiweke tena nakala ya akiba iliyochukuliwa Jumapili. Anaiweka, na stakabadhi zote zilizoandikwa tangu Jumatatu zinafutika. Ofisa wa Butiama anaelewa kwamba ameambiwa aizime seva na kuiwasha tena. Anafanya hivyo, na kasoro inabaki palepale.

Ni nani kati yao aliyekosea? Kwa kweli hakuna. Wote watatu wamelitii neno moja, nalo ni kurejesha. Aliyekosea ni mwandishi wa waraka, na nyuma ya mwandishi huyo tumo sisi tunaojishughulisha na istilahi, kwa kuwa hatukumpatia maneno ya kutenganisha mambo matatu yasiyofanana.

Mfano huu ni wa kubuni, lakini neno lenyewe si la kubuni. Kurejesha hutumiwa kila siku katika ofisi zetu kwa maana zote hizo. Makala hii inakusudia kueleza kwa ufupi historia ya kazi ya kurekebisha programu na ya kuyaondoa marekebisho hayo pale yanapoleta madhara, kuonyesha jinsi Kiswahili kilivyochelewa kukutana na kazi hiyo, na kupendekeza istilahi zitakazomwezesha ofisa wa Bunda asipoteze stakabadhi zake.

Asili ya kiraka

Watafsiri wengine wameliona neno kiraka kuwa duni mno kwa jambo la kitaalamu. Husema kwamba kiraka ni cha nguo kuukuu na cha mpira wa baiskeli, na kwamba barabara yenye viraka ni barabara mbovu. Historia haiwaungi mkono.

Mwaka 1944 katika Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, ilianza kutumika mashine ya hesabu iliyoitwa Harvard Mark I. Maagizo yake yalisomwa kutoka katika utepe wa karatasi uliotobolewa matundu; kila safu ya matundu ilikuwa na maana yake. Ilipotokea kwamba tundu limetobolewa mahali pasipostahili, mafundi hawakuutupa utepe mzima. Walikata kipande kidogo cha karatasi na kukibandika juu ya tundu hilo. Utepe wa namna hiyo, wenye viraka vinavyoonekana kwa macho, umehifadhiwa katika jumba la makumbusho nchini humo. Baadaye kampuni za kompyuta ziliwapelekea wateja wao kadi au tepe zenye marekebisho ili mafundi wao wayatie wenyewe. Matundu yakatoweka, lakini jina likabaki. Na mwaka 1985 Larry Wall, mtaalamu wa Marekani, alipotunga programu ndogo ya kuingiza marekebisho katika maandishi ya programu nyingine, aliipa jina ambalo kwa lugha yake lina maana ya kiraka.

Hivyo basi, waliotangulia katika kazi hii waliona kitambaa, gundi na tundu, wakasema walichokiona. Mtafsiri wa Kiswahili anaposema kiraka anaifikia picha ileile ya mwanzo kwa neno ambalo kila mtoto wa Musoma analijua. Aidha Watanzania wamekwisha kulikweza neno hili wao wenyewe: katika soka mchezaji kiraka ni yule awezaye kucheza nafasi yoyote palipo na pengo, nalo ni jina la sifa wala si la kejeli.

Yafaa hapa kukitenganisha kiraka na sasisho. Kitenzi kusasisha kimeundwa kutokana na neno sasa, nacho chamaanisha kukifanya kitu kiwe cha wakati huu. Sasisho laweza kuleta mambo mapya kabisa. Kiraka huziba tundu lililojulikana. Kila kiraka chaweza kuitwa sasisho, lakini si kila sasisho ni kiraka.

Mwaka 1974

Kwa nini maneno haya yamechelewa kutulia katika lugha yetu? Sehemu ya jibu imo katika historia ya nchi. Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa kwa sheria ya mwaka 1967, na katika miaka iliyofuata likafanya kazi kubwa ya kusanifu istilahi za utawala, sheria, elimu na fani nyingi nyingine. Kompyuta ya kwanza ya Serikali ilikuwa imekwisha kufungwa mwaka 1965 katika Wizara ya Fedha. Lakini matumaini yaliyowekwa katika mashine hizo hayakutimia, na mwaka 1974 Serikali ilitoa amri ya kuzuia uingizaji wa kompyuta nchini isipokuwa kwa kibali.

Istilahi hukua palipo na kazi. Katika miaka ambayo wataalamu wetu walikuwa na ari kubwa ya kuunda maneno, mashine zenyewe zilikuwa chache na zilifichika katika vyumba vichache vya Dar es Salaam. Karani wa Bunda hakuwa na haja ya kujua seva ni nini. Kompyuta zilipokuja kuenea, zilikuja na maneno yake ya kigeni, nao watumiaji wakayapokea kama yalivyo. Jitihada za kufidia pengo hilo zilifanywa baadaye. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, yaani programu za kazi za ofisi zenye menyu za Kiswahili. Hata hivyo jitihada hizo zilimlenga zaidi mwandishi wa barua na mtengeneza majedwali. Fundi wa seva aliendelea kufanya kazi yake kwa lugha ya kuchanganya.

Mwaka huohuo wa 1974, mwezi Novemba, Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma na kutoa Azimio la Musoma. Kati ya yaliyoamuliwa ni kuharakisha elimu ya msingi kwa wote, na kwamba mwanafunzi amalizaye kidato cha sita asiende Chuo Kikuu moja kwa moja bali afanye kazi kwanza. Sharti hilo la pili lililegezwa kwanza kwa wasichana, kisha likaja kuondolewa kwa wote. Elimu ya msingi kwa wote iliendelea kuwa shabaha ya Taifa. Tukio hili lina mafunzo mawili kwa mwanaistilahi. La kwanza ni kwamba agizo lenye sehemu nyingi laweza kuondolewa sehemu moja na kuachwa sehemu nyingine. La pili ni kwamba kuliondoa sharti hakukumrudishia kijana yeyote miaka aliyoipitisha akisubiri. Kuondoa badiliko ni jambo moja. Kurudisha hali iliyokuwapo kabla ya badiliko ni jambo jingine kabisa.

Mafunzo hayo yanaonekana wazi zaidi katika historia ya serikali za mitaa. Mwaka 1972 ulianzishwa mpango wa Madaraka Mikoani, na halmashauri zikavunjwa nchi nzima. Mabaraza ya miji yalirudishwa mwaka 1978. Sheria mpya za serikali za mitaa zikapitishwa mwaka 1982, na halmashauri za wilaya zikaanza tena kazi mwaka 1984. Mwaka huo wa 1984 Mwalimu Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama, alikiri katika mahojiano kwamba kuzivunja serikali za mitaa na vyama vya ushirika ni katika mambo ambayo asingeyafanya lau angeanza upya. Lakini halmashauri za mwaka 1984 hazikuwa zile za mwaka 1972. Ilibidi zitungiwe sheria nyingine na zitafutiwe watumishi wengine. Badiliko liliondolewa, ila miaka 12 haikurudi.

Kazi yenyewe ilivyo

Kabla ya kupendekeza neno, yatupasa kuielewa kazi. Programu yoyote kubwa ina kasoro zisizojulikana siku inapotolewa. Kasoro ikigunduliwa, mtengenezaji hutoa kiraka. Asiyekibandika hubaki na tundu wazi. Tarehe 14 Machi 2017 kampuni ya Microsoft ilitoa kiraka cha kuziba tundu moja katika mfumo wake wa Windows. Tarehe 12 Mei mwaka huohuo programu haribifu iliyoitwa WannaCry ilisambaa duniani kwa kupitia tundu lilelile, ikazifunga kompyuta za hospitali na viwanda katika nchi nyingi. Kiraka kilikuwapo kwa muda wa karibu miezi miwili. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Lakini kiraka nacho chaweza kuwa na kasoro yake. Tarehe 19 Julai 2024 kampuni ya CrowdStrike ya Marekani ilisambaza sasisho lenye kosa, na kompyuta zipatazo milioni 8.5 zenye mfumo wa Windows zikazimika. Kampuni ililiondoa sasisho hilo katika usambazaji baada ya dakika 78. Hata hivyo mashine nyingi zilizokuwa zimekwisha kulipokea hazikuweza tena kuwaka sawasawa, na ikawalazimu mafundi kuiendea mashine mojamoja na kulifuta faili lenye kosa kwa mkono. Msomaji aone tofauti iliyopo: kusitisha usambazaji kulifanyika mara moja, mahali pamoja, kuliondoa kosa katika kila mashine kulichukua siku nyingi. Haya nayo ni mambo mawili, na kila moja lastahili jina lake.

Kwa sababu hiyo fundi mwangalifu mwenye seva nyingi hufuata utaratibu. Kwanza huandika toleo la programu lililomo katika kila seva, maana asiyejua alikotoka hawezi kurudi. Pili huchukua nakala ya akiba na kuthibitisha kwamba inasomeka. Tatu hukibandika kiraka katika seva ya majaribio isiyohudumia mtu. Nne hukibandika katika seva moja ya kazi, tuseme ya Butiama, na kuitazama kwa siku kadhaa. Mambo yakiwa salama, hukibandika Bunda, kisha Musoma. Yakiharibika Butiama, huko Bunda na Musoma watu wanaendelea na kazi, naye ana seva moja tu ya kuishughulikia. Fundi wa baiskeli aliyeketi kandokando ya barabara hufanya vivyo hivyo: baada ya kubandika kiraka huujaza mpira upepo na kuuzamisha katika karai la maji, aone kama kuna mapovu, kabla hajaurudisha gurudumuni.

Jozi za bandika na bandua

Sasa tuje kwenye lugha. Kiswahili kina utajiri ambao lugha nyingi hazina. Kitenzi chaweza kunyambuliwa kikaleta maana ya kukiondoa kile kilichotendwa: funga na fungua, ziba na zibua, kunja na kunjua, panga na pangua, tega na tegua, ezeka na ezua, anika na anua. Kinyambuo hiki ni cha kale katika lugha za Kibantu. Mwalimu wa Butiama au Bunda, ambaye baadhi ya wanafunzi wake husema Kizanaki au Kijita nyumbani, hana haja ya kukieleza kwa shida. Watoto wanacho tayari vinywani mwao.

Miongoni mwa jozi hizo imo bandika na bandua. Kiraka hubandikwa, kiraka hubanduliwa. Hatuhitaji kuazima wala kuunda. Neno lipo, lina umbo la Kiswahili, na linasema hasa kile kinachotokea: kile kilichowekwa juu kinaondolewa, na kilichokuwa chini yake kinabaki. Kwa hiyo tunapendekeza istilahi tatu zitumike kwa mambo matatu, bila kuingiliana.

Ya kwanza ni kubandua kiraka. Maana yake ni kuyaondoa marekebisho ya programu na kuirudia programu ya toleo lililotangulia, huku kumbukumbu zilizoandikwa zikibaki.

Ya pili ni kurejesha kutoka katika nakala ya akiba, ambayo wengine huiita nakala rudufu. Maana yake ni kuziweka tena kumbukumbu kama zilivyokuwa siku nakala ilipochukuliwa. Lililoandikwa baada ya siku hiyo hupotea. Tunashauri kwamba kitenzi kurejesha, kitumiwapo katika kazi ya seva, kisiandikwe kamwe peke yake, bali kitaje daima nakala na tarehe yake.

Ya tatu ni kutendua. Neno hili limekwisha kuenea katika menyu za Kiswahili kwa kitendo cha kuliondoa kosa la mwisho la mwandishi. Linafaa pia kwa kanzidata. Katika miaka ya 1970 watafiti wa kampuni ya IBM nchini Marekani, akiwamo Jim Gray, walifafanua kanuni kwamba muamala ama ukamilike wote ama usiwepo kabisa. Mtu akihamisha shilingi 10,000 na umeme ukakatika baada ya fedha kutoka katika akaunti ya kwanza na kabla hazijaingia katika ya pili, kanzidata huutendua muamala wote. Hapo hakuna kiraka kilichobanduliwa, wala hakuna nakala iliyorejeshwa.

Majibu kwa pingamizi

Pingamizi la kwanza ni kwamba kubandua ni neno la vitu vishikikavyo. Ni kweli; lakini ndivyo yalivyokuwa maneno fungua na pakua, na leo watu hufungua faili na kupakua picha pasipo kumshangaza mtu. Pingamizi la pili ni kwamba afadhali kuunda kitenzi kimoja kitakachofaa kwa kila jambo. Tumekwisha kuona katika agizo la mwanzo neno linalofaa kwa kila jambo linavyoleta hasara.

Pingamizi la tatu ni zito zaidi, nalo latoka kwa mafundi wenyewe. Wanasema kwamba viraka vingine havibanduki. Kiraka kikibadili muundo wa kanzidata, kumbukumbu mpya huandikwa katika umbo ambalo programu ya zamani haiwezi kulisoma. Mkoa wa Mara unatupa mfano ulio karibu. Mwaka 2012 Wilaya ya Butiama ilianzishwa kwa kuimega iliyokuwa Wilaya ya Musoma. Rejista yoyote iliyoandika watu kwa wilaya zao ililazimika kupata nafasi ya jina jipya. Siku ya kwanza badiliko la namna hiyo laweza kubanduliwa. Baada ya mwezi, watu wengi wakiwa wamekwisha kuandikwa chini ya Butiama, programu ya zamani haitakuwa na mahali pa kuwaweka. Maji yakimwagika hayazoleki.

Pingamizi hili halilibomoi pendekezo letu, bali latuongezea istilahi. Kiswahili kina kubanduka, yaani kuwa katika hali ya kubanduliwa. Basi tuseme kiraka kinachobanduka na kiraka kisichobanduka, na waraka wowote unaopelekwa mikoani ueleze wazi ni kipi kati ya hivyo. Ofisa aambiwaye mapema kwamba kiraka hakibanduki atachukua nakala yake kwa uangalifu zaidi, na atajaribu kwa muda mrefu zaidi kabla ya kukiingiza katika seva ya kazi. Hapo istilahi imemlinda kabla ya hatari kufika.

Hitimisho

Mwaka 1963 Mwalimu Nyerere alichapisha tafsiri yake ya mchezo wa Shakespeare kuhusu Julius Caesar. Mwaka 1969 aliitoa upya ikiwa imerekebishwa, na hata jina la kitabu lilibadilika likawa Juliasi Kaizari. Mtu aliyekuwa Rais wa nchi hakuona haya kuirudia kazi yake na kuitengeneza mbele ya wasomaji. Huo ndio moyo unaotakiwa kwa mtafsiri, na pia kwa fundi: kukubali kwamba kazi iliyokwisha kutoka yaweza kuwa na tundu, na kujua kwa hakika ni sehemu ipi inayobadilishwa na ipi inayoachwa.

Tunawaomba walimu wa vyuo wayafundishe maneno haya pamoja na kazi yenyewe, watafsiri wayatumie kwa uthabiti, na waandishi wa nyaraka za Serikali wayapime katika maagizo yao. Tukilirudia agizo tuliloanza nalo, lingesomeka hivi: "Kiraka kilichobandikwa Jumatatu kina kasoro. Kibandueni. Msirejeshe nakala yoyote ya akiba. Kumbukumbu zilizoandikwa tangu Jumatatu zibaki kama zilivyo." Maneno yameongezeka kidogo. Lakini Musoma, Bunda na Butiama watafanya jambo moja, na mwananchi aliyelipa ushuru wake Jumanne atakuta jina lake limo daftarini.